Ukuta Usiopakwa Rangi

Kwa miaka thelathini na mmoja fundi rangi wa Posta Kuu alifanya kazi katika jengo ambalo upande wake wa nje ulikuwa umekatazwa kutiwa rangi. Hebu fikiria. Ni sawa na kuajiri kinyozi kwenye nyumba ya wenye vipara. Ndani alipaka kila kilichokubali kupakwa: milango, vyuma vya ngazi, vizimba vya makarani, vijimlango elfu mbili na mia nne vya masanduku ya barua, hata ndoo za mchanga wa kuzimia moto. Lakini nje, kuanzia msingi hadi kwenye paa lile lenye mikunjo, lilikuwa zege tupu. Agizo lilikuwa limebandikwa katika chumba cha matengenezo tangu mwaka wa ufunguzi: zege la nje lisipakwe, lisipigwe lipu, lisiguswe. Sababu haikuandikwa, maana wakubwa wa enzi zile hawakuwa na desturi ya kumpa fundi sababu.

Watu wa mjini walikuwa na sababu yao. Walisema serikali iliishiwa hela kabla ya kufika kwenye rangi, na jengo wakaliita Bado. "Tukutane pale Bado." "Shusha Bado, dereva." Watoto waliozaliwa wakati linazinduliwa walikuwa sasa wana wajukuu, na jengo lilikuwa bado ni Bado. Fundi mwenyewe, ambaye hakuna aliyemwita jina lingine ila Brashi, aliamini hivyo hivyo, na jambo lile lilimuuma kuliko alivyopenda kukiri. Mtu akimuuliza anafanya kazi wapi, alijibu, "Serikalini," akabadilisha mazungumzo.

Aliyekuja kuliona jengo lile kwa jicho jingine ni binti yake wa pekee. Mama yake alifariki mapema, kwa hiyo mtoto alitoka shuleni moja kwa moja hadi Posta kumsubiri baba. Alikaa chini ya ukuta wa magharibi, ghorofa tatu za zege lisilo na dirisha hata moja, akaufuatisha kwa kidole. Zege lile lilimiminwa kati ya mbao, na mbao zilipobanduliwa ziliacha sura zao humo: mistari ya mti, vifundo, nyufa, hata vichwa vya misumari. Hakuna ubao uliofanana na mwenzake. Kifundo kimoja, usawa wa kichwa cha mtoto wa miaka saba, kilikuwa na umbo la sikio, na yeye alikinong'oneza siri zake zote. Baba yake alimwona, akacheka, akarudi kwenye milango yake.

Mtoto akakua, akasomea usanifu wa majengo, akaajiriwa katika idara ya mambo ya kale ya mji. Huko aligundua kwamba mambo ya kale maana yake ni ngome, makaburi na nyumba za matajiri waliokufa zamani sana. Jengo la miaka sitini halikuwa la kale, lilikuwa kuukuu tu. Basi lilipotoka tangazo kwamba shirika la posta linaiuza Posta Kuu pamoja na kiwanja chake, na kwamba mnunuzi atasimamisha mnara wa vioo wa ghorofa ishirini na mbili, hakuna aliyeshtuka ila yeye. Akaandika ombi la hifadhi. Miaka miwili alilipeleka ofisi hii akalirudisha kutoka ile, na kila jioni alimsimulia baba yake mezani.

"Baba, wale watu ndio kwanza walikuwa wamepata nchi yao. Walitaka jengo lisilomwiga mtu yeyote. Mbao zilichaguliwa na maseremala wa hapa hapa, mmoja mmoja. Ule ukuta ndio saini zao. Tukiuacha ubomolewe, atakayekuja baadaye atadhani sisi hatukuwahi kuwa na kitu kipya cha kwetu."

"Ndiyo, mama," alijibu Brashi. Alimwita mama kwa kuwa binti alibeba jina la mama mzazi wa Brashi. "Umesema kweli, mama."

Lakini masikio ya mzazi yana mambo yake. Brashi alisikiliza jinsi mwanawe anavyozungumza, akajivunia, na yale yaliyosemwa yakapita. Akilini mwake aliona binti anaisifia Posta kama watu wanavyomsifia mtoto mchanga wa jirani asiyejaliwa sura: lo, ana vidole vizuri! Adabu tu. Moyoni kila mtu anajua.

Hatimaye barua ikaja. Kamati ya hifadhi itafika Jumatatu, itaona kwa macho yake, na ikiridhika jengo litaandikwa kwenye orodha na halitauzwa wala kubomolewa. Alhamisi binti akasafiri kwenda makao makuu kuwaleta wageni. Mlangoni alimshika baba yake mkono.

"Baba, mfagie tu na mfute vioo vya ukumbini. Basi. Nakuomba."

"Nenda salama, mama. Usiwe na wasiwasi na nyumba yako."

Alipoondoka, Brashi alisimama barabarani akalitazama jengo. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni nani anayepokea wageni wakubwa, watu wa kuamua maisha na kifo, katika nyumba ambayo haijaisha? Mwanawe anahangaika miaka miwili, na yeye baba, fundi rangi, fundi wa daraja la kwanza, atafagia? Machozi yalimlengalenga. Aliingia ndani akajaza fomu ya kuomba vifaa.

Meneja wa Posta alikuwa mtu ambaye kumtoa saini ni kumng'oa jino. Choo cha wanawake kilikaa gizani mwaka mzima kwa sababu ya balbu moja. Aliisoma fomu ile mara mbili.

"Nje?"

"Nje, mkuu. Wageni wanakuja."

"Binti yako anajua?"

"Nataka nimshtukize."

Meneja alimtazama kwa kitambo. Kisha akatia saini, akagonga mhuri, akaongeza vibarua sita na jukwaa la mabomba ambalo Brashi hakuthubutu hata kuliomba. "Fanya kazi nzuri," alisema, tena kwa upole. Brashi alitoka na nakala yake ya fomu akiwa anajiambia kwamba kumbe watu tunawahukumu bure.

Lile agizo la chumba cha matengenezo alilisoma tena, kwa heshima. Aliyeliandika alishakufa. Akaona kwamba hata marehemu angekuwepo, na hela zingekuwepo, asingekataa.

Wakaanza Ijumaa asubuhi. Makarani walitoka kuangalia, na aliyewatangulia ni Mama Stempu, mwanamke aliyeuza stempu dirisha namba tatu kwa miaka ishirini na ambaye mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Jamani, Bado anaolewa!" alipiga kelele. "Leteni vigelegele! Umri umemtupa lakini bwana kapatikana!"

"Cheka tu," Brashi alimjibu kutoka juu ya jukwaa. "Jumatatu utaomba upigwe picha hapa."

Alifanya kazi ya maisha yake, hilo lazima lisemwe. Vibarua aliwapa pande nyingine, ukuta wa magharibi akauchukua mwenyewe. Rangi juu ya mistari ile ingeonekana ya mtu mvivu, kwa hiyo kwanza alisugua, akajaza lipu laini ndani ya kila mstari, kila kifundo, kila alama ya msumari, akapiga msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwama. Alipofika kwenye kile kifundo cha sikio, mkono ulisita. Alimkumbuka mtoto na sare yake ya shule. Kisha akajiambia kwamba mtoto yule sasa ni mtu mzima anayepokea kamati, akakijaza. Juu ya lipu ikaja rangi ya mafuta, mikono miwili, yaani ikapakwa mara mbili, rangi ya maziwa sehemu ya juu na buluu sehemu ya chini. Jumapili saa kumi na moja jioni alishuka, akarudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja hakuona aibu.

Jumatatu alivaa shati jeupe akasimama mlangoni. Gari la kamati lilifika saa nne. Wa kwanza kushuka alikuwa binti yake, na Brashi alikuwa ameshaanza kutabasamu alipomwona anasimama, mkono kwenye mlango wa gari, kama mtu aliyefika nyumba siyo. Alitembea hadi ukuta wa magharibi akaweka kiganja juu yake, na alipokiondoa kilikuwa na rangi ya maziwa.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole mwenye miwani, alikuja akasimama kando yake.

"Nimesafiri saa tisa kuja kuona zege," alisema. "Hii imepakwa lini?"

"Jana tu, mzee wangu!" alidakia Mama Stempu kutoka ngazini, mwenye furaha. "Hata haijakauka! Siku tatu fundi wetu hajala akashiba!"

Wageni walizunguka jengo robo saa, wakapiga picha chache, wakaandika. Meneja aliwapa mikono wote na kusikitika kwa sauti ya chini. Brashi alibaki mlangoni na shati lake jeupe, na alianza kuelewa taratibu, kama maji baridi yanayopanda miguuni.

Jioni hiyo binti hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimweleza tena, kwa maneno yale yale ya mezani, na safari hii yaliingia yote. Wazee wanasema asiyejua maana haambiwi maana. Yeye alikuwa ameambiwa, miaka miwili, nyumbani kwake, mdomo ukiwa umejaa chakula.

Siku zilizofuata alijaribu kuitoa rangi ile. Alipanda na brashi ya waya na kisu, akakwangua kona moja ya ukuta tangu asubuhi hadi saa tisa. Lipu ilikuwa imeshika vizuri, si ilikuwa kazi ya fundi wa daraja la kwanza. Ilipokubali kutoka ilitoka na ngozi ya zege, na mistari ya mti ikatoka nayo. Alichofanikiwa kufungua ni kipande cha ukubwa wa trei, na ndani yake hamkuwa na kitu ila mikwaruzo yake. Alishuka akakaa juu ya ndoo. Mama Stempu alimletea chai na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Ndipo ikaja barua ya pili. Kamati itakaa kikao cha hadhara katika ukumbi wa halmashauri ya mji kuamua nani aliharibu jengo lililokuwa chini ya ombi la hifadhi. Mama Stempu alimsomea dirishani, kidole kikifuata mistari. Mambo yalikuwa mawili. Ikithibitika kwamba mwenye jengo ndiye aliyeruhusu rangi, uuzaji utasimamishwa, na atalazimishwa kuleta wataalamu wa kuusafisha ukuta. Wataalamu hao wapo, na walikadiria kuokoa nusu yake. Lakini ikiwa mwombaji wa hifadhi ndiye aliyeagiza, basi ameliharibu mwenyewe ombi lake, na faili litafungwa bila mtu kushtakiwa.

"Si una nakala ya fomu?" Mama Stempu aliuliza. "Yenye saini ya Meneja? Itoe, aumbuke!"

"Na mimi je?"

Alirudi kwenye barua. "Kwa lile la kwanza, aliyepaka kwa mikono yake atafikishwa mahakamani pamoja na aliyeruhusu. Wameandika hadi miaka miwili." Kisha akaongeza haraka, "Hawatamfunga mzee wa miaka sitini, Brashi. Watakuonya tu."

Brashi aliamua siku hiyo hiyo. Atasema. Asubuhi ya kikao alimwonyesha binti yake ile nakala. Aliisoma, akaikunja ilivyokuwa imekunjwa, akamrudishia.

"Unajua maana yake, baba?"

"Najua, mama. Nimeharibu, nitajibu. Wewe nyamaza, uniachie."

"Haya," alisema. "Nitakuachia." Wakaenda kwa miguu, bega kwa bega, na Brashi alikariri njia nzima sentensi yake: Mheshimiwa, ni mimi, na ruhusa alinipa Meneja, na saini yake hii hapa. Ilikuwa sentensi fupi. Mtoto wa chekechea angeiweza.

Ukumbi ulikuwa na watu kama thelathini, feni moja inayofanya kazi na meza ndefu mbele. Meneja aliulizwa kwanza. Alisema fundi alileta ombi la vifaa, na kwa kuwa fundi ni baba wa msanifu wa mambo ya kale, yeye alidhani limetoka kwa msanifu. Fomu yenyewe? Aliitafuta, kwa bahati mbaya haionekani ofisini. Alisema bila kupepesa macho. Mwenyekiti alivua miwani, akawageukia waliokaa.

"Nauliza mara moja, na jibu litaandikwa. Nani aliagiza ukuta upakwe?"

Mkono wa Brashi ulikuwa tayari mfukoni, kidole kwenye karatasi. Alitakiwa kusimama tu. Kwenye kiti kilicho kando ya mlango alikaa askari wa halmashauri, kijana mnene anayesinzia, na funguo zikining'inia kiunoni mwake. Brashi aliziona funguo zile. Aliona chumba kidogo, na ukuta, na yeye humo ndani na magoti yake mabovu, asiye na kazi wala mtu wa kumwita Brashi. Alibaki ameketi.

Binti alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aligeuka akamtafuta baba yake kati ya watu, akamwona. Hakumkonyeza wala hakumsihi. Alimtazama tu, akamsubiri, muda unaotosha mtu kusimama, hata mzee, hata mgonjwa. Mwenyekiti alirudia swali. Binti aliendelea kumsubiri. Kisha uso wake ukalegea, kama mtu aliyetua mzigo kwa kuwa hawezi tena kuubeba, akageuka mbele na kusimama yeye.

"Niliagiza mimi."

"Wewe? Mwombaji?"

"Mimi. Nilitaka lionekane safi. Fundi alifuata maneno yangu."

Meneja aliinamisha kichwa, akaanza kusoma kucha zake. Mwenyekiti alimtazama yule binti kwa muda mrefu, na kila mwenye akili ukumbini alijua kwamba mzee yule hakuamini. Lakini jibu ni jibu. Karani aliandika. Kalamu yake ilisikika.

Na Brashi? Laiti angekuwa na hasira, au machozi. Alichokisikia kifuani mwake wakati kalamu ile inaandika kilikuwa nafuu. Pumzi ilimrudia. Alijichukia wakati huo huo, lakini pumzi ilikuwa imesharudi, tamu, na mkono ukatoka mfukoni mtupu.

Yaliyofuata yalikuwa ya karatasi, na karatasi za kubomoa hazichelewi kama za kuhifadhi. Faili lilifungwa wiki ile ile. Binti alifutwa kazi, jina lake likaondolewa kwenye daftari la wasanifu, na mtu aliyejua ukuta ule ubao kwa ubao akapata kibarua cha kuchora ramani za vibanda vya maduka katika mji mwingine. Mama Stempu alihamishiwa kaunta moja ndani ya duka kubwa, penye mwanga mwingi na wateja wachache. Mashine ziliingia mwezi wa pili. Ukuta wa magharibi uliwachukua siku nne, maana lilikuwa zege la kweli, na vipande vilivyoanguka vilikuwa vya rangi ya maziwa upande mmoja. Vijana waliokuwa wakitazama walisema afadhali, limetusumbua macho vya kutosha.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mchana ule wa kikao, watu walipotawanyika, Brashi alimkuta binti yake kwenye ngazi za nje, ameketi, viatu amevivua. Alitaka kumwambia turudi ndani, bado wapo, nitasema sasa. Mlango ulikuwa wazi nyuma yao, na sauti ya Mwenyekiti ilisikika akiaga watu. Ilikuwa hatua kumi na mbili. Alizihesabu.

"Mama," alianza.

Binti alivaa viatu, akasimama, akamkung'uta baba yake vumbi begani.

"Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni, baba," alisema. "Twende nyumbani ukale."

Walikwenda. Alimpashia chakula, akamnawisha mikono, akakaa mbele yake bila kusema lolote, wala mambo ya mbao, wala ya maseremala, wala ya watu waliopata nchi yao. Brashi alidhani chakula hakitapita. Alikula sahani nzima, akaongezewa, akamaliza na hiyo, kwa sababu alikuwa na njaa kweli.